Wakili aliyeomba faili moja

Leo wakili kanifokea maktabani ninapofanya kazi, mbele ya watu, na mpaka sasa nacheka.

Wiki iliyopita alikuja kutafuta hukumu ya kesi ya zamani ya shamba, aitumie kwenye kesi yake. Hizo hukumu nazipakua mimi mtandaoni na kuzipanga kwenye kompyuta, kila moja na rufaa yake.

Nikamwambia, "Wakili, hiyo ina rufaa..."

Akanikata. "Kazi yako ni kutoa faili, siyo kunifundisha sheria."

Haya. Nikamtolea hilo hilo moja.

Kesho yake akaja mama mmoja wa Ndalambo. "Mwanangu, kuna wakili anasema kapata hapa hukumu ya kesi ya zamani, ataitumia kunitoa shambani. Na mimi nipe."

Huyo nikamchapishia zote mbili, hukumu na rufaa iliyoitengua.

Leo kwenye baraza la ardhi wakili kasoma yake kwa madaha. Mama katoa ya kwake.

Saa saba jamaa yuko mezani kwangu, jasho linamtoka. "Kwa nini hukuniambia ilitenguliwa?"

"Wakili, kazi yangu ni kutoa faili."

Mnaoona nina roho mbaya, andikeni hapa chini. Mama ameshanipigia, Jumamosi ananiletea kuku.