Kuta Mbili za Msituni

Jumanne, tarehe 14 Juni, tuliingia msituni saa moja asubuhi tukatoka saa kumi na moja jioni. Saa nne zilikwenda katika kufyeka njia, tatu katika kupima na kuchimba, mbili katika kubeba mbao, na moja nzima mjomba wangu aliketi juu ya mbao, akishindana na jambo ambalo angeweza kulimeza.

Mjomba ni fundi wa chokaa. Mimi ni mchoraji wa ramani za majengo. Cheti changu ni cha chuo cha ufundi, lakini kabla ya chuo shule yangu ilikuwa nyuma ya nyumba yake, kwenye shimo la kulowekea chokaa. Hapo nilifundishwa kwamba chokaa haina haraka, na kwamba fundi anayesifu kazi yake mwenyewe anamnyang'anya mwenye nyumba maneno. Sebuleni kwake, ukuta mmoja una rangi moja lakini mikono mitatu: wake, wa marehemu mkewe, na wangu nilipokuwa na miaka kumi na miwili. Wageni hawaoni tofauti. Yeye anaiona, na hajawahi kuirekebisha.

Msituni mle kuna magofu ya nyumba kubwa ya mawe. Kuta mbili tu ndizo zilizokuwa zimesimama: wa magharibi ulionyooka, na wa mashariki ulioinama, mzizi wa mtini umeupenya kifuani. Mtaalamu wa mambo ya kale, mwanamke mcheshi mwenye buti zilizoshonwa mara mbili, alikuwa ametuita kwa kazi moja. Mvua za vuli zilikuwa mbele yetu, na mbao zilitosha kuegemeza ukuta mmoja tu; ule mwingine ungeachwa uanguke. Alikuwa amechagua ulio mkongwe. Vipande vya mkaa vilivyonaswa ndani ya chokaa ya ukuta wa magharibi vilikuwa vimepimwa maabara, na jibu likawa miaka mia nne. Katika ule wa mashariki mkaa haukuonekana.

"Huyu ndiye babu," alisema akiupapasa. "Tazama mistari yake. Mafundi wa zamani walikuwa mafundi kweli."

Mjomba alikohoa, akashusha mbao begani, akaketi juu yake.

"Mjomba, unaumwa?" nilimnong'oneza.

"Siumwi, mwanangu. Ninasifiwa, na sijazoea."

Nilidhani anatania. Bwana misitu, msimamizi wa eneo lile, alipita mara ya tatu na kamba zake, akamwangalia. "Fundi, leo umeajiriwa kulinda mbao zisiibwe na nyani?"

"Nyani wana adabu," mjomba alijibu. "Nakuchunga wewe."

Hatimaye aliinuka, akaenda hadi kwa mtaalamu.

"Mama, huyu si babu. Huyu ni mwanangu. Nilimjenga miaka thelathini iliyopita, walinzi wa msitu walipotaka pa kuegemeza paa la kujikingia mvua. Waliniambia nifananishe na yale ya zamani, nikafananisha."

Bwana misitu aliangua kicheko. "Maabara iseme mia nne, wewe useme thelathini? Au nawe una mia nne?"

"Magoti yangu yanasema hivyo. Lakini chimbeni kwenye kona hii. Chini ya jiwe la kwanza nilitandika mfuko wa nailoni wa bluu, unyevu usipande."

Tulichimba. Nailoni ikatokea, bluu bado, imelaliwa na msingi wote. Na ukuta hauwezi kuwa na umri mkubwa kuliko kitu ulichokikalia.

Mtaalamu alichuchumaa, akaishika ncha yake. "Chokaa uliichomea wapi, fundi?"

"Hapa hapa. Mvule mkongwe ulikuwa umeng'olewa na upepo. Maseremala wakachukua mbao za nje, mimi nikachukua kiini kilichopasuka."

"Basi nilipima umri wa mti, si wa moto. Kiini ndicho sehemu kongwe ya mti wote." Alicheka hadi akafuta macho. "Umeniulia babu, fundi. Unanilipa nini?"

Mjomba alielekeza kidevu mashariki. "Babu yule pale. Yote niliyoyafanya huku niliyaiga kwake. Sikumfikia."

"Ameinama mno," alisema bwana misitu. "Mbao hizi hazimwezi."

"Mawe yanamweza." Mjomba aliupiga ukuta wake kofi jepesi, kama mtu anavyompiga mtoto mgongoni akimtuma dukani. "Ubomoeni huu, tumjengee yule nguzo ya kuegemea."

Hapo sikuweza kunyamaza. "Mjomba, hujawahi kujenga ulio bora kuliko huu."

"Ndiyo maana mawe yake yatafaa."

Nimeona mafundi wakigombea sifa zisizo zao. Siku ile nilimwona mmoja akirudisha zilizokuwa zake, na nilitamani kila mtu msituni ajue kwamba mimi ni mpwa wake.

Kabla jiwe la kwanza halijatolewa, niliuchora ukuta ule jiwe kwa jiwe. Michoro ya magofu ina nafasi ya mjenzi, ambayo daima huachwa wazi. Nilijaza jina lake lote, kwa wino.

Mwaka mmoja baadaye, mvua kubwa zilipokwisha, niliushushia ukuta wa mashariki timazi, uzi wa kupimia mwinamo. Haukuwa umesogea hata milimita moja.