Mia ya Mashoto

Nilipokuwa mtoto, kwetu Matrah, huko Oman, ilikuwa mwiko kunyanyuka ulipokaa wakati Mashoto anapiga. Nasema mwiko, sisemi mchezo. Mguu ukifa ganzi, ufe. Ukibanwa na haja, ujibane. Kaka yangu aliwahi kuinuka kwenda kufunga dirisha, Mashoto akatolewa pale pale, basi sambusa za jioni hakuonja hata moja. Na baba, mtu mzima na miwani yake, mfanyakazi wa wizara, akaona hukumu ni ya haki.

Mashoto hakuwa jamaa yetu. Alikuwa mpigaji wa timu ya taifa ya kriketi ya India, kijana mrefu mwembamba anayepiga kwa mkono wa kushoto. Jina lake la kweli lilimshinda Bibi yangu, akambandika hilo, nasi sote tukalifuata. Bibi alikuja Oman kutoka Unguja akiwa mtu mzima, ana watoto wake. Huko alikulia mtaa mmoja na Wahindi waliokuwa wakicheza kriketi, na alijigamba kuwa alijua kuhesabu mikimbio, ndiyo pointi za kriketi, kabla hajajua kupika pilau.

Mwiko wenyewe tulifundishwa na Anko Jayanti, jirani yetu, muuza vitambaa sokoni. Ukuta wa sebule yake ndio ukuta wa sebule yetu. Alikuwa akikaa na mguu mmoja juu ya meza tangu Mashoto aingie uwanjani mpaka atoke, hata kama ni saa tano nzima, na mkewe anapita na fagio anamsonya. "Ukihama wewe, na bahati yake inahama," alitwambia kwa Kiswahili chake alichookota kwetu. Wahindi wenzake wote wanalijua hilo, alisema, nchi nzima inakaa kitako haisogei.

Bibi alilipokea kama aliyeletewa habari anayoijua zamani. Akaongeza na yake. Mashoto akiingia uwanjani, Bibi huleta chetezo akaifukiza televisheni ubani, moshi unazunguka kioo mpaka baba anakohoa na kulalamika kuwa haoni kitu. Na ole wako umsifu bila ya kusema mashallah.

"Jicho halina mbali," alikuwa akisema. "Mnamtazama watu chungu nzima, nani anajua nani ana la kwake moyoni?"

Mapenzi yetu yalianza siku Mashoto alipovaa jezi ya nchi yake kwa mara ya kwanza. Aliingia, akarushiwa mpira mmoja tu, akatolewa bila ya kupata hata mkimbio. Alitoka ameinama mpaka kidevu kimegusa kifua, kijana wa miaka ishirini. Bibi akalia, walahi, machozi yakamtoka kwa mtoto wa watu asiyemjua. Zamu ya pili akakaa uwanjani karibu siku nzima, wenzake wanatoka mmoja mmoja yeye yumo, mpaka mechi ikaokoka. Tangu hapo akawa wetu. Alipovunjika bega akaachwa nje ya timu miezi mingi, Bibi alikuwa akimtaja katika dua zake baina ya wagonjwa wa ukoo.

Aliporudi kutoka kwenye bega lile ndipo yakanifika ninayotaka kuyasema.

Ilikuwa Ijumaa. Mama alikuwa amekwenda Al Khoudh tangu asubuhi, kwenye msiba wa jamaa. Baba na kaka walitoka kwenda kuwahi sala, maana sala haikuhesabiwa kwenye mwiko. Nikabaki mimi, miaka yangu kumi na moja, na Bibi aliyejilaza chumbani kwake. Bibi alikuwa na sukari, anapiga sindano. Mama kabla hajatoka aliniachia neno moja tu, akalisema mara mbili: "Saa sita Bibi ale. Chakula kipo tayari, wewe pakua tu umpelekee. Sindano ameshapiga, usimwache na njaa."

Nikasema ndiyo mama. Jicho liko kwenye televisheni.

Mashoto alikuwa anapiga tangu asubuhi. Kwa asiyeijua kriketi, mpigaji akifikisha mikimbio mia kabla hajatolewa, hiyo ndiyo heshima yake, huinua gongo juu na uwanja mzima ukasimama. Akitoka na tisini na tisa, watu humwonea huruma tu. Na yeye tangu avunjike bega mia alikuwa hajaipata. Magazeti yalishaandika kuwa amekwisha. Saa sita ilipogonga alikuwa na tisini na moja. Nikasema afike kwanza, halafu nitapakua. Saa sita na robo alikuwa na tisini na saba.

"Zuwena!" Bibi aliniita kutoka chumbani. "Hebu niletee sharubati mamaangu. Naona mikono inanitetemeka."

Aliyekulia nyumba yenye sukari anajua maana ya mikono kutetemeka: sukari imeshuka. Mimi nilikulia nyumba hiyo.

"Bibi, Mashoto ana tisini na saba! Nikinyanyuka atatoka!"

"Tisini na saba?"

"Walahi, Bibi. Bado tatu tu!"

"Basi kaa," akasema. "Kaa mjukuu wangu, usimvunjie mwenzio. Ntangoja."

Nikakaa. Akaletwa mrushaji mwengine, mjanja, mipira yake inadunda na kupinda, na Mashoto akawa anaizuia tu. Mpira mmoja, wa pili, wa sita. Hapati kitu. Warushaji wakabadilishana tena, hapati kitu. Nilikuwa nimeng'ata ncha ya mtandio wangu mpaka umelowa. Katikati ya hapo nilisikia mlango wa friji ukifunguliwa. Niliusikia vizuri, na nikajua ni nani, na kitu nilichokihisi, Mungu anisamehe, kilikuwa raha. Nilifurahi kuwa ameinuka mwenyewe, sitaitwa tena.

Halafu Mashoto akaupiga mmoja ukaenda kama umetumwa, ukavuka mpaka wa uwanja, mikimbio minne kwa pigo moja. Mia! Niliruka juu, nikapiga kelele hizo mpaka sauti ikapasuka, na upande wa pili wa ukuta Anko Jayanti anagonga kwa ngumi na kupiga kelele zake. Mashoto akavua kofia, akatazama juu. Nikakimbia kwenda kumwambia Bibi.

Chumbani hayumo. Nikamkuta jikoni, chini, amelala ubavu baina ya friji na meza, ametota jasho, mguu wake umegeuka vibaya. Gilasi imevunjika na sharubati imemwagika yote. Akanitazama kwa macho ya mtu anayetoka mbali.

"Kapata?" akaniuliza.

"Kapata, Bibi."

"Alhamdulillahi." Akafumba macho. "Haya, ninyanyue."

Sikuweza kumnyanyua. Nilitoka nikipiga mayowe, Anko Jayanti akaja anachechemea kwa mguu wake uliokufa ganzi, akamtia sukari mdomoni kwa kidole, akaita watu, wakamshusha ngazi kwenye zulia. Nyonga ilikuwa imevunjika.

Hospitali baba alinishika bega. "Wewe ulikuwa wapi?"

Kabla sijafungua mdomo, Bibi akadakia kutoka kitandani. "Mwache mtoto. Mimi sikumwita. Kiherehere changu mwenyewe, nimeona kiu nikajiendea."

Baba akamwambia, "Mama nawe! Tumekwambia mara ngapi?" Akamgombeza pale pale, mgonjwa, na mimi nimesimama nasikia.

Bibi hakutembea tena. Sisi Matrah tulikaa ghorofa ya pili na jengo halikuwa na lifti, na haikuchukua muda baba akatuhamishia Al Khoudh, kwenye nyumba ya chini ya kupanga. Mtaa wa kimya, nyumba zina kuta ndefu, magari ya wanafunzi wa chuo yanapita tu. Mtu ambaye kila asubuhi alikuwa akiteremka sokoni kugombana na wauza ndimu na kurudi na habari za mji mzima, sasa alikuwa anakaa dirishani kwenye kiti cha magurudumu anatazama ukuta. "Zuwena," aliniuliza siku moja, "hapa watu wanawaweka wapi?" Nilicheka, kisha nikaenda chooni nikafunga mlango.

Mashoto naye, baada ya mia ile, alifunguka. Akapata nyengine na nyengine, nyumbani kwao na ugenini, kwenye viwanja vigumu ambako Wahindi wengi walikuwa wakitetemeka. Akafanywa nahodha. Akauacha unahodha mwenyewe, akasema yeye anataka kupiga tu. Kila akiinua gongo lake Bibi alikuwa akinishika mkono na kunambia, "Nzuri hii, lakini si kama ile yetu, mimi na wewe." Wageni wakicheka, hawajui wanachekea nini. Na mimi kwa miaka nilijiaminisha kabisa kuwa mambo yote yale ya Mashoto yalikuwa yamelipiwa kwa mguu wa Bibi. Angetolewa siku ile kwa tisini na saba, ningejua kuwa mwiko wa Anko Jayanti ni upuuzi, nikaulaani, nikalia yakaisha. Lakini alipata, ndio msiba wenyewe. Mwiko ulifanya kazi mbele ya macho yangu.

Bibi alifariki nikiwa na miaka kumi na nne, usingizini, mchana. Sikuwahi kumwomba radhi. Nilikuwa nasema kesho.

Juzi Mashoto amestaafu. Mwenzangu mmoja ofisini, hapo Maskati ninapofanya kazi sasa, aliniita nitazame kwenye simu yake mahojiano aliyofanya. Ndevu zimeanza mvi. Walimwuliza ni mia ipi aliyoipenda kuliko zote, akaitaja ile. Ndiyo iliyomrudisha, alisema, bila ya ile asingekuwa na maisha haya. Wakamwuliza, pale kwenye tisini na saba, muda wote ule, ulikuwa unafikiria nini? Akacheka. Akasema kiatu kilikuwa kinambana kidole gumba, na alichokuwa anakitaka ni kwenda kukivua.

Nilimrudishia mwenzangu simu yake, nikamwambia nna kazi.

Ijumaa nikaenda kwa mama. Tulikuwa tunachambua mchele, na kama kawaida jina la Bibi likaja, na kama kawaida mama akatikisa kichwa akasema, "Allah amrehemu, lakini kile kiherehere chake ndicho kilichomvunja." Miaka yote nimekuwa nikiisikia kauli hiyo na kunyamaza. Safari hii nikaona sinyamazi tena.

"Hapana, mama. Aliniita."

Nikamweleza yote: tisini na saba, mikono kutetemeka, basi kaa, mlango wa friji. Mama aliacha mchele. Akanivuta kichwa akakilaza begani kwake, mimi mtu mzima hivi.

"Ulikuwa mtoto," alisema. "Uliamini. Mlifundishwa upuuzi na watu wazima, na wewe ukauamini. Hutolaumiwa kwa hilo, mwanangu, si na Mungu wala si na mimi."

Tukalia sote wawili, tukapika, tukala. Nikarudi kwangu. Na njia nzima nilijua kuwa mama amenisamehe kosa ambalo silo.

Kwa sababu kila nikiieleza siku ile, hata kwa mama, hata peke yangu, kuna pahala naparuka. Mashoto alipokuwa na sitini na kitu, mama na baba hawapo, kaka hayupo, wala hapana wa kuogopwa, nilitamani achari ya embe. Nikanyanyuka. Sikuwaza mara mbili. Nilikwenda jikoni, nikafungua chupa, nikachovya vidole, nikarudi polepole naramba. Mashoto alikuwa bado anapiga. Alikuwa amepata hata mikimbio minne zaidi.

Na nikirudi nilipita mbele ya mlango wa Bibi, uko wazi, naye yuko macho.

"Hee, Zuwena! Umeinuka?"

"Usimwambie mtu, Bibi."

"Na Mashoto?"

"Yumo."

Bibi akacheka kicheko chake cha chini kwa chini, akageukia upande wa ukuta. "Basi yumo tu," akasema.

Kwa hiyo saa sita na robo, nilipompigia kelele kuwa nikinyanyuka atatoka, hapakuwa na mtu ndani ya nyumba ile aliyekuwa akiamini. Mimi nilijua. Na Bibi, huku mikono inamtetemeka, alijua kuwa najua, na kwamba ninachotaka ni kutazama tu. Akanambia nikae, nami nikakaa.