Nilimsingizia beki wa Busunzu goti bovu ili asiondoke kwenye timu yetu

Wakuu, heshima zenu wote.

Hili jambo nimekaa nalo mwaka na nusu. Nimeliandika nikafuta, nikaliandika tena nikafuta. Leo naliweka lote kama lilivyokuwa, pamoja na sehemu zinazonichafua, maana hizo ndizo zimenifanya nifungue uzi.

Wa jukwaa la michezo mnanijua. Mimi ndiye yule wa Kasulu anayewaletea ripoti za wachezaji wa ligi za huku chini: ligi ya wilaya, ligi ya mkoa, mabonanza ya vijijini.

Sijawahi kucheza mpira wa maana. Shuleni nilikuwa nawashikia wenzangu nguo wakiingia uwanjani. Nauza spea za baiskeli hapa mjini, duka aliloniachia marehemu baba, mtu wa Ujiji aliyekuja huku kibiashara akaoa huku huku. Mpira kwangu ni ugonjwa tu, hauna dawa.

Wikiendi nikifunga duka nawasha pikipiki naenda kuangalia watu ambao hakuna anayewaangalia. Muyama, Busunzu, mpaka Kibondo mjini. Enzi kambi ya wakimbizi ya Mtendeli ipo, kulikuwa na winga mmoja Mrundi pale, sijaona kama yule tena. Kambi ikafungwa, akarudi kwao, ukurasa wake kwenye daftari langu bado ninao.

Nina counter book. Simwandiki mtu mpaka nimwone mara tatu: nyumbani kwao, ugenini, na siku timu yake inapigwa. Hiyo ya tatu ndiyo kubwa. Timu ikiwa inaongoza mbili bila, kila mtu fundi. Na dakika kumi za mwanzo siangalii mpira kabisa, namwangalia yeye tu anafanya nini mpira ukiwa mbali.

Halafu sipambi mtu. Mzito namwandika mzito. Mtoto wa dada yangu wa damu nilimwandika kuwa mpira ukimfika unagonga ukuta, dada hakunisemesha mwezi mzima.

Kwa tabia hiyo makocha wakaanza kuniamini. Mmoja ni msaidizi kwenye timu ya Championship kanda ya ziwa, jina nalihifadhi, tumwite Kocha. Alichukua wawili kwenye list yangu na wote wakapata namba. Tangu hapo akitaka mtu ananifuata PM.

Sasa nije kwa Gervas.

Nilimwona Busunzu. Uwanja wao umeinama, goli moja liko juu na lingine liko chini, na kila timu inaomba kipindi cha pili ishambulie kushuka. Siku hiyo dakika ya themanini naona beki wa kushoto, mwembamba, anapanda ule mlima na mpira mguuni kama vile ndiyo kwanza ametoka kunywa chai. Akapiga cross, akageuka, akashuka mbio kwenda kukaba.

Umri miaka ishirini na moja. Wazazi wake walitoka Burundi zamani, yeye kazaliwa hapa hapa, raia kamili. Kitambulisho nilikiangalia mwenyewe kwa sababu makocha huanza kuuliza hapo. Baba alishafariki, analima muhogo na maharage na mama yake. Siku ya gulio anapakia muhogo kwenye baiskeli na kuisukuma vilima vyote vile. Ile miguu ilitengenezwa huko.

Mara ya tatu kumwona walipigwa nne. Dakika ya mwisho kabisa bado alikuwa anakimbilia mpira wa kurusha. Nikaandika kwenye daftari: "Huyu ni wa Ligi Kuu." Sikuwahi kumwandika mtu hivyo.

Kawaida yangu mtu wa namna hiyo usiku huo huo angekuwa humu jukwaani. Gervas sikumweka.

Ni hivi. Tuna timu yetu ya mjini, jina naliacha, wanaojua wanajua. Ligi ya mkoa tumeihangaikia miaka chungu nzima, kila msimu tunaishia njiani. Mimi ni mjumbe wa kamati. Na kidonda chetu kilikuwa beki wa kushoto.

Nikaenda kwa mama yake kumwomba. Nikapewa ugali wa muhogo, nikala kwanza ndipo nikaruhusiwa kusema shida yangu, ndivyo wazee wa huku walivyo. Mama akanisikiliza, akasema, "Mwana wanje," yaani mwanangu, "mpira mimi siujui. Weye ndiye mwenye macho. Ukiona kuna pa mbele, umupeleke. Usije ukamukalisha."

Nikamwahidi.

Gervas akaja Kasulu, nikampa chumba cha nyuma ya duka. Timu ikabadilika. Upande wetu wa kushoto ukawa hauingiliki, na yeye ndiye anayeanzisha mashambulizi. Zikabaki mechi tatu, tunaongoza ligi. Mjini wauza mitumba wananisimamisha kunipa mkono.

Ndipo Kocha akaja PM. Anataka beki wa kushoto haraka, usajili unakaribia kufungwa. Akasema amesikia kuna Gervas wa Busunzu, aje trial wiki hiyo hiyo. Akamalizia: "Wewe unasemaje mkuu? Neno lako ndilo naenda nalo."

Nilikuwa dukani, nimekaa kwenye kreti la soda. Nikaifikiria list yetu bila Gervas. Nikafikiria mechi tatu.

Nikamjibu: "Uwezo upo mkubwa, ila goti la kulia linamsumbua. Msubirini msimu ujao."

Wakuu, goti sikuliokota tu. Ningesema mzito, Kocha angesema nitamkimbiza. Ningesema hana nidhamu, angesema nitamnyoosha. Goti linafunga mjadala. Miaka yote ya kuongea na makocha ilinifundisha hilo, nikalitumia kumfungia mlango mtu aliyelala chumba changu cha nyuma.

Nikajipa moyo kuwa mechi tatu zikiisha nitarekebisha.

Kocha akajibu: "Asante kwa ukweli mkuu. Ndiyo maana nakuamini."

Tukabeba kombe. Pikipiki zilizunguka mji mzima, Gervas amewekwa mabegani, mimi nalia kama nimefiwa. Sitawadanganya kuwa roho ilinisuta siku ile. Nilifurahi sana. Kusutwa kulikuja baadaye.

Wiki iliyofuata nikamwandikia Kocha kuwa goti liko safi, kijana yuko fiti. Akajibu kuwa wameshasajili mtu mwingine. Akaongeza: "Goti la mwezi mmoja huwa linarudi. Usiwaonee huruma watu wako mkuu." Yaani nilipodanganya akaona ukweli, niliposema ukweli akaona huruma.

Na makocha wanapeana list. Msimu uliofuata wawili tofauti niliwatumia jina la Gervas, wote wawili wakauliza: "Si ndiye yule wa goti?"

Yeye hakujua lolote. Akasikia kuna trial ya timu moja, akaenda mwenyewe bila kuniambia. Kwa alivyonisimulia, alicheza vizuri, wakampigia makofi. Kisha mwalimu mmoja akamlaza, akaanza kumminyaminya goti la kulia, akamuuliza aliumia lini. Gervas akasema hajawahi kuumia. Wakaangaliana. Wakamwona anaficha jeraha, wakamwambia arudi nyumbani.

Kutoka stendi alikuja moja kwa moja dukani, begi mgongoni.

"Kaka," akaniambia, "watu wote wanasema goti. Goti gani? Weye unaujua mwili wangu kuliko mimi. Unambie, nilitibu."

Mlango wa kutokea ulikuwa wazi pale. Ningesema ningetukanwa, tungeanza upya. Nikaona aibu. Nikasema, "Kuna majeraha ya ndani hayaumi mapema. Jiangalie tu."

Lile la kwanza naweza kuliita ushabiki. Hili la pili sina jina lake.

Mechi iliyofuata akaja na bandeji. Nikauliza kwa wenzake, wakasema akienda kwao mama yake anamkanda kwa maji ya moto na mawese. Nikakaa na daftari langu, nikamwangalia dakika kumi bila kuangalia mpira. Kila mpira wa kugombania anachelewa nusu hatua. Mchezo ukisimama anainama kulishika goti. Kupanda ameacha, anapiga mpira mrefu anabaki nyuma.

Mwalimu wetu akamweka benchi. Haikupita miezi mingi akaaga, akarudi Busunzu kulima.

Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu ameshaanza kutembea, ananifuata mpaka dukani.

Mwezi uliopita nikashindwa kuvumilia. Nikawasha pikipiki, nikaenda. Nilimkuta mama yake anaanika muhogo mbele ya nyumba. "Karibu mwana wanje, tulisema umetusahau," akaniletea kiti. Nikamwomba asilete chakula. Akashangaa, akamtuma mtu shambani kumwita Gervas.

Nikawaambia wote wawili. Nikafungua simu, nikampa Gervas asome ile PM mwenyewe. Alisoma taratibu, akarudia. Mama aliuliza imeandikwa nini, Gervas akamweleza kwa Kirundi. Mama akaacha kugeuza muhogo.

"Mechi tatu," Gervas akasema.

"Tatu."

"Kwa hiyo goti langu ni zima."

Nikamwambia ni zima, halijawahi kuwa na kitu, nililitunga mimi nikiwa dukani. Akaunyoosha mguu, akaukunja, akabonyeza pembeni ya goti kwa kidole gumba.

"Lakini linauma, kaka," akasema.

Mama yake akaingia ndani na hakutoka tena mpaka naondoka.

Nikamwomba Gervas twende hospitali, akakubali. Wakapiga picha. Daktari akatuonyesha, akatueleza kwa upole kuwa goti halina kasoro, anaweza kucheza hata kesho. Gervas akasikiliza vizuri, akashukuru. Tulipotoka kuna ngazi nne. Akazishuka moja moja, mkono ukutani, mguu wa kulia hauwekei uzito.

Nimeshawaandikia makocha wote niliowahi kuwapa jina lake, nimekiri. Wawili hawajajibu. Kocha alijibu mstari mmoja: hajui sasa aniamini kwa lipi. Ana haki. Daftari nimelifunga. Nilichojifunza ni kwamba shabiki akishapewa kalamu ya kuwaandika watu wengine, timu yake aiache nyumbani. Na ukishaaminiwa sana, uongo wako mmoja hauna wa kuupinga, hata wewe mwenyewe ukitaka kuupinga baadaye hutasikilizwa.

Gervas bado ana miaka ishirini na mitatu tu. Kama humu kuna mtu aliwahi kuuguza jeraha ambalo halipo, au anafanya kazi na wachezaji na ameliona, naomba aandike hapa lilimtokaje. Wenye matusi nao waandike, nitayasoma. Ila wa kwanza nawaomba sana wasikae kimya.