Mzee Futi na Baiskeli Isiyofika Popote

Fundi cherehani huyu mtaa mzima ulimwita Mzee Futi, kwa sababu futi ya kupimia haikutoka shingoni mwake. Alikula nayo, aliendea misibani nayo, na mkewe aliapa kwamba mara kadhaa alimkuta amelala nayo, akamvua taratibu kama mtu anayemvua mtoto viatu. Alishonea katika chumba cha mbele cha nyumba yake, dirisha likitazama barabara, na tangu asubuhi ungesikia miguu yake ikikanyaga cherehani na mdomo wake ukiwakanyaga wapita njia.

Lakini mdomo huo ulikuwa na adabu moja kubwa. Mteja akija na suruali aliyoshonewa mwaka juzi, akinung'unika kwamba haifungi kiunoni, Mzee Futi hakuthubutu kulitazama tumbo lake. Alikishika kitambaa, akakisugua kwa vidole, akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Vitambaa vya siku hizi," alisema, "vikikaa kabatini vinanywea. Niachie, njoo kesho." Mteja akishaondoka, yeye hufumua mshono wa nyuma, akatoa akiba ya kitambaa aliyoiacha mwenyewe siku ya kukata, akashona upya. Kesho yake mteja huvaa, huvuta pumzi, huenda zake na heshima yake. Mtaa ulikuwa umenenepa miaka nenda miaka rudi na hakuna aliyekuwa na habari.

Sasa mganga hajigangi, na tumbo la Mzee Futi lilikua hapohapo nyuma ya cherehani bila mtu wa kulipima. Yeye hulivalia mashati mapana, akajisahau. Kilichomkumbusha ni harusi ya bintiye.

Ukutani mwa sebule ilining'inia picha yake ya siku alipooa, kijana mwembamba ndani ya koti la kijivu alilolishona kwa mikono yake. Bintiye alipokuwa mdogo alikuwa akipanda juu ya kiti ili aiguse ile picha na kuuliza yule ni nani. Basi tarehe ya harusi ilipopangwa, binti alisema, "Baba, mimi sitaki zawadi. Nataka siku hiyo unishike mkono ukiwa umevaa koti la kwenye picha."

Mzee Futi, ambaye maisha yake yote hakuwahi kukata kitambaa bila kupima, safari hii alikata bila kupima. "Nitalivaa," alisema. "Tena lilelile, sitaliongeza hata uzi. Mimi nilishona koti, sikushona hema."

Usiingie mlango usiojua wa kutokea. Binti alipoondoka, alilitoa koti kabatini, akalivaa mbele ya kioo, akavuta pumzi mpaka macho yakamtoka. Vifungo na matundu yake vilitazamana kwa mbali kama ndugu waliogombana.

"Si uliacha akiba humo ndani?" mkewe alimwuliza. Alikumbuka vizuri, kwa kuwa enzi za uchumba wao ndiye aliyeuliza kwa nini mtu mwembamba kama fito anajiachia kitambaa kingi hivyo kwenye mshono, na kijana akamjibu kwamba hiyo ni kwa ajili ya mapishi yake. "Fumua, toa akiba, tulale."

"Nimeshamwambia mtoto sitaliongeza."

"Atajuaje?"

"Mimi nitajua." Akalirudisha koti kabatini, na usiku huo hakuongeza chakula. Alimwogopa binti kuliko alivyoiogopa njaa.

Binti naye si mjinga. Aliyaona macho ya baba yake yakilikwepa kabati, na baada ya siku chache akamletea baiskeli ya mazoezi, ile ya kukanyagia ndani ya nyumba. Aliipata kwa mwenzake kazini, ambaye kwa muda mrefu aliitumia kuanikia mataulo. Ilikuja vipande vipande ndani ya boksi, skrubu zake zote zimefungwa ndani ya soksi ya mtoto, na karatasi ya maelezo haikuwemo.

"Maelezo ya nini?" alisema Mzee Futi. "Mtu anayeweza kuunga mikono ya koti atashindwa na chuma?"

Alivipanga vipande sakafuni sebuleni kama vipande vya suruali, vya kulia upande huu, vya kushoto upande ule. Mguu wa mbele aliufunga nyuma na wa nyuma akaufunga mbele, baiskeli ikainama kama inayotaka kupiga magoti. Akafumua, akafunga upya. Kisha ikaja pedali ya kushoto. Aliizungusha kulia kama zinavyokazwa skrubu zote duniani, nayo kila ikizungushwa inatoka.

"Hii imeharibika," alisema.

Mkewe alikuwa ameketi kwenye kochi akikunja nguo. "Jaribu kuizungushia kushoto."

"Skrubu haikazwi kwa kushoto."

"Labda hiyo haijaambiwa."

Mzee Futi alisubiri mpaka mkewe alipokwenda jikoni, akaizungushia kushoto, ikaingia laini kama sindano kwenye hariri. Mkewe aliporudi akauliza kama imekubali. "Nimeibembeleza," alijibu, akageuza mazungumzo.

Kiti ndicho kilichomtoa jasho la kwanza. Alikifunga chini kabisa, sawasawa na kigoda chake cha cherehani, akapanda, akaanza kukanyaga. Kila mguu ulipopanda, goti lilibisha hodi tumboni, na tumbo likaitika. Mkewe alicheka mpaka akaziangusha nguo alizokunja. Halafu akamwendea, akamvua futi shingoni, akampima urefu wa mguu kwa ndani, jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kumfanyia fundi huyo.

"Ukimshonea mtu suruali unapima mguu," alisema. "Kiti nacho kinataka mguu. Pedali ikiwa chini, goti libaki limekunjika kidogo tu."

Walikipandisha kiti, wakakaza, na Mzee Futi akakaa juu kama hakimu. Ila mazoea yana taabu. Cherehani ya miguu huanzishwa kwa kulisukuma gurudumu lake kwa mkono, nayo mikono yake ilikuwa imeshazoea hivyo. Kwa hiyo kila alipotaka kuanza mazoezi, aliinama kulisukuma gurudumu la baiskeli kwa mkono, na kila alipoinama nusura aanguke kichwa chini. Tabia hiyo hakuiacha.

Siku za kwanza zilikuwa za mateso matupu. Juu ya gurudumu kulikuwa na kipande cha raba kilicholibana kama breki, na kitasa cha kukikaza ili safari iwe nzito au nyepesi. Mzee Futi alizunguka mara chache tu akawa anahema, shati limelowa chapachapa. Lakini alijipa moyo kwamba bandu bandu humaliza gogo, na kwa kweli mkanda wake ulisogea tundu moja. Angeendelea vile, hadithi ingeishia hapa.

Siku moja baiskeli ikaanza kulia. Ilikuwa sauti ndogo tu, kiii, kiii, lakini fundi cherehani haivumilii sauti hiyo. Cherehani ikilia, mwenyewe ni mvivu. Ndivyo alivyofundishwa tangu ujana wake. Alichukua kopo lake la mafuta lenye mdomo mrefu, akaizungukia baiskeli kwa mapenzi, tone hapa, tone pale, kwenye pedali, kwenye ekseli, kwenye kila kiungo, na mwisho, kwa kuwa hakupenda kubagua, kwenye kile kipande cha raba. Akakitia matone ya kutosha. Akafuta, akapanda, akalisukuma gurudumu kwa mkono, na miguu ikaenda kama upepo.

Hakusikia uzito wowote. Alikaza kitasa mpaka mwisho, bado hakusikia uzito. Alishuka akajitazama mapaja kwa heshima.

"Nguvu zimerudi," alimwambia mkewe. "Baiskeli imesalimu amri."

Tangu hapo kichwa kikamvimba. Kila siku alianza kwa mafuta, maana chombo ni matunzo, kisha akapanda na kwenda kilomita zisizo na idadi, akisoma masafa kwenye kioo kidogo cha mbele. Akaona muda unapotea bure mikono ikiwa imelala, akahamishia kazi huko juu. Alipinda suruali za watu akiwa anakanyaga, uzi mdomoni, suruali imelazwa juu ya usukani, wala hakuvuja hata tone la jasho kwenye kitambaa cha mteja. Jambo hilo alilitaja kama ushahidi wa afya. Mteja akichungulia dirisha la sebule, alielezwa kwamba kwa mwendo wa leo fundi angekuwa ameshavuka mpaka wa nchi. Na kwa kuwa mtu wa safari hula, ile sahani ya pili ikarudi mezani.

Mkanda nao ukarudi kwenye tundu lake la zamani, halafu ukatafuta jipya. "Hiyo ni misuli," alisema Mzee Futi.

Harusi ilipokuwa imebaki wiki moja, alikuja shemeji yake, kaka wa mkewe, ambaye kazi yake ni kutengeneza baiskeli za kweli zinazofika mahali. Mzee Futi alimpandisha juu ya ile baiskeli ili aionje, akamkazia kitasa mpaka mwisho, akakunja mikono kungoja kumwona mtu anavyoteseka. Shemeji alikanyaga kwa nguvu zake zote kama alivyoonywa, miguu ikazunguka pasipo kizuizi, naye akajikuta amelikumbatia pazia.

Alijinasua. Alichuchumaa, akapitisha kidole kwenye raba, akakinusa.

"Shemeji, breki umeitia mafuta?"

"Kila siku. Kila kinachozunguka kinatiwa mafuta."

"Hiki hakizunguki. Hiki kinazuia. Ndicho kinachokupa kazi." Alimtazama kwa huruma. "Wewe miezi yote hii umekuwa ukikanyaga hewa."

Mzee Futi aliketi kwenye kochi. Alizifikiria zile kilomita zote, na wale wateja wote dirishani, na sahani ya pili. Halafu akamfikiria bintiye akiwa amesimama juu ya kiti, ameinyooshea mkono ile picha. Siku zilizobaki zilikuwa chache, na tumbo lilikuwa lilelile, pengine na nyongeza.

Shemeji aliivua ile raba, akaisugua kwa msasa, akalifuta gurudumu kwa kitambaa chenye spiriti mpaka likawa kavu, akafunga kila kitu mahali pake. Akaonya kwamba pedali zifutwe jasho, skrubu zikazwe mara kwa mara, mafuta yaende kwenye ekseli tu, na kopo la mafuta lihamishwe chumba. Mzee Futi alipanda, akalisukuma gurudumu kwa mkono, nalo likagoma.

Wiki hiyo alijikaza kisabuni. Alikanyaga asubuhi kabla ya kazi na jioni baada ya kazi, mlango wa sebule umefungwa, akiguna kama mtu anayesukuma gari bovu. Alitembea amepanua miguu, akashuka ngazi ya mlangoni kinyumenyume. Sahani ya kwanza yenyewe aliiacha nusu. Mkewe alimwekea maji pembeni, akaenda kukaa chumbani na kazi zake. Siku moja alitoka na plasta kwenye kidole, akasema ni kisu cha vitunguu.

Asubuhi ya harusi Mzee Futi aliingia chumbani peke yake, akasimama mbele ya kioo, akalivaa lile koti. Alifumba macho. Alikivuta kifungo cha katikati kuelekea kwenye tundu lake, akiwa tayari kwa aibu, na kifungo kikaingia. Alivuta pumzi, kikabaki. Aliketi, akainuka, akanyoosha mikono, koti likatulia mwilini kama siku lilipopigwa picha.

Karibu amwite mkewe. Lakini mkono wa fundi hauwezi kuacha kupapasa, na wake ulishakwenda mgongoni, ukaingia ndani ya koti, ukaufuata mshono wa katikati kutoka juu kwenda chini. Kidole kikasimama. Mshono ule haukuwa wake. Ulikuwa umefumuliwa na kushonwa upya kwa mkono, kwa kuwa cherehani ingepiga kelele, hatua moja ndefu na nyingine fupi, umepinda kwenye kiuno na kunyooka tena kwa taabu. Mteja angeleta kazi kama hiyo, Mzee Futi angeifumua kwa hasira. Aliurudia kwa kidole mara mbili, akaona haya, halafu akampenda mkewe kwa namna ambayo hakuwa ameikumbuka kwa miaka mingi, na macho yakamlowa.

Mkewe aliingia amevaa nguo zake za harusi. Alimtazama juu mpaka chini bila haraka.

"Baiskeli imefanya kazi," alisema.

Mzee Futi alikishika kile kidole chenye plasta. Alikuwa na mengi ya kusema, akachagua moja alilolijua kwa moyo. "Vitambaa vya zamani," alisema, "vikikaa kabatini..."

"Vinatanuka," mkewe alimalizia, akamnyoosha kola.

"Nilimwambia mtoto sitaliongeza hata uzi."

"Na hujaliongeza. Wewe ulikuwa juu ya baiskeli."

Alimvua futi shingoni, ambayo alikuwa ameivaa juu ya koti bila kujua, akaiweka mezani. Nje binti alikuwa anaita, anasema watu wanasubiri.

"Umeitoa akiba yote?" Mzee Futi alinong'ona wakielekea mlangoni.

"Yote. Humo ndani hakuna tena hata ukucha."

"Sasa siku ya harusi ya mjukuu nitafanyaje?"

"Shemeji yako amekaza kila kitu," mkewe alisema, akamfungulia mlango. "Kesho asubuhi unapanda."