Vidonge Nilivyoapa Kuvificha

Mama yangu alikuwa mnene, na siku zile za Mwingereza hakuna mtu kijijini kwetu aliyeona hilo kuwa tatizo. Tulikaa upande wa Kurui, ndani kabisa ya Kisarawe, na mwanamke kujaa mwili ilikuwa dalili kwamba mume wake anamtunza. Baba alijivunia. Aliyeteseka ni mama mwenyewe, kwa sababu ya magoti. Alikuwa kungwi, mwenye kazi ya kuwafunda wali, wasichana waliovunja ungo, mpaka wanapotolewa nje, na kazi hiyo haifanywi mtu amekaa kitini. Kungwi huchuchumaa na mwali, hucheza naye chini, huinuka, hushuka tena. Mwaka ule, baada ya mavuno ya mpunga, mama alishuka na mwali mmoja akashindwa kuinuka. Wanawake wawili walimshika kwapani wakamwinua, na wengine wakacheka. Siku hiyo aliporudi nyumbani hakula.

Mimi nilikuwa na miaka kama ishirini, nimeachika, nimerudi kwa wazazi. Nyumbani tulikuwa wanne: baba, mama, mimi, na mke wa pili wa baba, ambaye nilimwita mama mdogo ingawa hakunizidi sana umri. Kwao ni Mlandizi. Alikuwa mpole, mwenye utani wa chini chini, na ndiye aliyenisuka nywele.

Siku chache baadaye shangazi yangu alikuja kututembelea kutoka Kibaha. Alikuwa akifua na kupiga pasi nyumbani kwa meneja wa shamba moja la mkonge huko. Alimsikiliza mama akieleza habari ya magoti, kisha akafungua fundo la kanga akatoa chupa ndogo ya rangi ya kahawia, imejaa vidonge.

"Wifi, bibi wa pale kwangu, mke wa meneja, alikuwa mnene kuliko wewe," alisema. "Alimeza hivi, na nguo zake zote zikampwaya. Sasa amerudi kwao Ulaya. Hivi vimebaki."

"Alimeza vingapi?" mama aliuliza.

"Kimoja, asubuhi. Mimi mwenyewe nilimpelekea maji."

"Na havikumdhuru?"

"Hata kidogo. Kila wiki daktari alikuja, anamshika mkono huku anatazama saa yake, anaandika, wanakunywa chai, anaondoka. Basi."

Habari ya daktari kushika mkono tuliichukua kama ile ya chai, kwamba ni desturi zao tu. Hakuna kati yetu aliyefikiri kuwa lile nalo lilikuwa sehemu ya dawa. Niliigeuza ile chupa. Karatasi yake ilikuwa ya Kiingereza, na mimi nilijua kusoma Kiswahili peke yake.

Shangazi alikuwa na hofu yake. Bibi alimwambia akaitupe chupa ile, naye hakuitupa. Meneja angesikia, angemwita mwizi. Mama naye hakutaka baba ajue kwamba anajikondesha kwa makusudi. Basi alishusha msahafu, akaushika kwa mikono miwili, na mimi na shangazi tukaapa kwamba habari ya chupa haitatoka vinywani mwetu. Nilipewa mimi niiweke sandukuni, chini ya nguo zangu, na kila asubuhi nimpe mama kidonge kimoja.

Mwezi wa kwanza tulifurahi. Mama alipungua usoni, kisha mikononi. Alianza kusali bila kigoda. Alilima ngwe yake ya mihogo akamaliza kabla ya mama mdogo, akarudi akapika, akafua, na bado akatafuta kazi nyingine. Alikula sana, kuliko zamani, na huku anapungua. Asubuhi moja akaniambia, "Leo nipe viwili." Baada ya siku kumi akasema vitatu. Nilimkumbusha kwamba bibi yule alimeza kimoja.

"Bibi yule hakulima," alinijibu. "Mimi dawa yangu inaisha shambani."

Jambo la kwanza lililonitia hofu ni sindano. Mama alikuwa akishona ukindu wa mkeka, kazi aliyoweza kuifanya amefumba macho, nikaona ncha ya sindano inacheza hewani, inapita pembeni ya tundu, inarudi. Aliitazama mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine. Kisha akaiweka chini ya mapaja, akaniuliza kama maji yamechemka.

Ulikuwa wakati wa kipupwe, watu wanajifunika kanga mbili asubuhi, na mama alikuwa akitoka jasho mpaka gauni linamganda mgongoni. Usingizi ulimhama. Alikuwa mtu wa kusema taratibu, sasa maneno yalimtoka kwa haraka, anadakia, anagombana na kuku. Siku moja alimpiga mwali kofi kwa kukosea hatua, na wazazi wa yule binti wakaja kumchukua bila kuaga. Macho yake yalikaa wazi mno. Nilipomsugua mgongo bafuni niliweka kiganja upande wa kushoto, nikahisi moyo unavyokwenda. Haukuwa unapiga, ulikuwa unakimbia, unajikwaa, unasimama kidogo, kisha unakimbia tena. Niliondoa mkono kama niliyegusa chungu cha moto.

"Mama, tuache vile vitu."

"Vile ndivyo vinavyonishikilia," alisema. "Kuna mtu ananila. Nisingekuwa na dawa ile ningeshalala chini."

Nikaogopa zaidi, kwa sababu niliona anaamini. Kila mtetemeko ulipozidi, alidai kidonge kingine. Nilijaribu kumpa pungufu. Alivihesabu kiganjani mwangu na kunitazama mpaka nikaongeza.

Baba hakujua lolote. Alichokiona ni mke wake mkubwa anakwisha mbele ya macho yake, na majirani walimwambia kile kile alichokuwa akikiwaza. Alimleta mganga kutoka kijiji cha pili, mchana, baada ya sala ya adhuhuri. Mganga alimtazama mama macho na mikono, akasema aliyemroga ni mtu wa karibu, anayekula naye chungu kimoja.

Tuliokula naye chungu kimoja tulikuwa watatu. Watu wote ukumbini walimgeukia mama mdogo.

Alikuwa ameshika sinia la vikombe. Aliliweka chini polepole akasema, "Mimi sijui kitu." Hakurudia. Baba alitazama mlango. Nami, niliyekuwa na ufunguo wa sanduku shingoni, niliitazama miguu yangu.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikusema pale pale. Niliogopa kile kiapo. Tulifundishwa kwamba mwenye kuvunja kiapo cha msahafu hupofuka au kuzaa wafu. Niliogopa shangazi kufungwa. Lakini lililonifunga mdomo zaidi ni kwamba aliyekuwa akimpa mama vile vidonge kila asubuhi ni mimi. Niliona kwamba nikisema, watu watanigeukia mimi kama walivyomgeukia yeye.

Siku zile mtu aliyetajwa uchawi alipelekwa kunyolewa. Kwa mganga kichwa hunyolewa chote, anachanjwa chale, ananyweshwa dawa, na inaaminika kwamba akiroga tena dawa ile itamuua. Mama mdogo alipelekwa Alhamisi. Aliondoka na nywele zake, amejitanda kanga vizuri, akitembea nyuma ya baba. Alirudi Ijumaa kipara, utosini ana mistari ya damu iliyopakwa unga mweusi. Watu walijipanga njiani kumtazama. Alipita kati yao bila kujifunika. Sijui kama alisahau au alikataa.

Mama alikuwa barazani. Alipomwona mwenzake anaingia vile alisimama ghafla, akasema, "Sasa nitapona," na akaniita ndani nimpe dawa yake. Nilimpa vitatu. Akaninyang'anya chupa akajimiminia vingine, akameza. Haukupita muda mrefu, tulikuwa jikoni, akashika kifua. Midomo ilibadilika rangi. Alishuka ukutani taratibu mpaka akakaa kwenye majivu, macho wazi, akihema kama aliyefukuzwa, na mshipa wa shingo ukirukaruka bila mpango.

Aliyefika wa kwanza ni mama mdogo. Akiwa na kile kichwa chake kilichochanjwa, alimlaza mama mapajani, akamlegeza nguo, akaniambia, "Mwite baba yako. Usisimame hapo."

Nilikimbia uani nikampa baba ile chupa. Nilimweleza yote nimesimama, bila kupumzika: shangazi, bibi wa Kizungu, kiapo, kimoja, viwili, vitatu. Nilitegemea anipige. Aliishika chupa juani akaitazama.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu baada ya mavuno."

Alikaa chini mahali pale pale uani. Sikuwahi kumwona baba akikaa chini bila mkeka. Kisha akainuka akaenda kutafuta lori.

Lori lilikuwa la Mhindi mmoja aliyenunua korosho na kopra vijijini. Alikubali kutupeleka Kisarawe kwenye zahanati ya serikali, na kwa barabara ile ya mchanga tulifika jua likielekea kuzama. Njia nzima nilikuwa nyuma, juu ya magunia, kichwa cha mama mapajani mwangu, nikimhesabia pumzi. Nilisoma kila sura niliyoijua, nikachanganya aya. Kila lori liliporuka shimo niliweka mkono kifuani mwake kuhakikisha kwamba moyo bado unapiga.

Tabibu wa pale alikuwa Mwafrika, mtu mzima, mwenye miwani. Alimshika mama kifundo cha mkono, akatoa saa ya mfukoni, akatazama. Nilikumbuka maneno ya shangazi kuhusu daktari wa Kibaha, na hapo ndipo nilipoelewa.

Alisoma karatasi ya chupa, akaniuliza mimi, maana baba hakuwa na majibu.

"Alikuwa anameza vingapi kwa siku?"

"Vitatu. Leo zaidi."

"Nani alikuwa akimpima moyo?"

"Hakuna."

Hakutukemea. Alisema shingoni mwa kila mtu kuna tezi inayoamua mwili uende kasi gani, na vidonge vile vinatengenezwa kwa tezi ya mnyama iliyokaushwa. Mtu ambaye tezi yake ni dhaifu, vinamsaidia. Mtu ambaye tezi yake ni nzima, ni kama kuongeza kuni chini ya chungu ambacho tayari kinachemka: mwili unajila wenyewe, nyama inayeyuka, na moyo unachoka kwa kukimbia. Baadhi ya Wazungu walivitumia kupunguza mwili, alisema, na hata wao huanza na kidogo, wakishikwa mkono kila mara, na daktari akisikia moyo umeanza kukimbia anaviondoa.

"Mnyama gani?" baba aliuliza.

Tabibu alitazama tena ile karatasi. "Haijaandikwa."

Baba hakuuliza tena, lakini najua wazo la nguruwe lilimkaa moyoni miaka mingi.

"Atapona?" nikauliza.

"Leo sijui. Nikikuambia ndiyo nitakuwa nakudanganya. Dawa hii haitoki mwilini kwa siku moja, wala mbili. Mtamwona anatetemeka wiki kadhaa, na mtaogopa. Msimpe kitu kingine, wala ya mganga wala ya duka. Alale, anywe uji, asinyanyue kitu."

Chupa aliichukua akaifungia kabatini.

Tulikaa Kisarawe karibu mwezi. Siku za mwanzo nilishinda nimekaa ukingoni mwa kitanda, nimeshika kifundo chake, maana tabibu alinionyesha mahali pa kubonyeza. Wakati mwingine mapigo yalipotea chini ya vidole vyangu na mimi nikaacha kupumua mpaka yaliporudi. Jasho lilianza kukauka wiki ya pili. Asubuhi moja mama aliomba uzi na sindano, akajaribu, akakosa, akajaribu tena, ukaingia.

Alipona, ila si kabisa. Moyo wake haukurudi kwenda sawa. Mlima wa kisimani ulimshinda, na unene ulirudi karibu wote. Ukungwi aliendelea nao akiwa ameketi; makungwi wadogo walicheza, yeye akasema maneno. Shangazi hakufungwa, kwa sababu baba hakumtaja mbele ya tabibu, lakini ilipita miaka miwili kabla hajaja kwetu.

Tuliporudi nyumbani mama mdogo hakuwepo. Alikuwa ameondoka siku ile ile ya lori, kwa miguu, kurudi kwao. Baba alikwenda mara mbili kumwomba, na mara ya pili alirudi na habari kwamba amempa talaka aliyoidai.

Mimi nilimfuata baadaye. Nilimkuta shambani kwao Mlandizi, anapalilia, nywele zimeota fupi kama za mtoto. Nilimwamkia, "Shikamoo, mama mdogo," akaitika, "Marahaba," akaendelea kupalilia. Nilishika jembe lililokuwa pembeni nikapalilia mstari wa pili. Tulipofika mwisho nikamwambia nilijua tangu mwanzo.

"Baba yako aliniambia."

"Niliogopa."

"Wote tuliogopa," alisema. "Mimi nilipokuwa nanyolewa niliogopa kwamba labda ni kweli, labda nimemroga bila kujijua. Hilo ndilo siwezi kukusamehe, kunifanya nijiogope mwenyewe."

Alifuta jembe lake kwa majani, akauliza kama mama anapata usingizi siku hizi. Nikasema anapata. Akasema ni vizuri, kisha akanionyesha njia fupi ya kufika barabarani kabla lori la jioni halijapita.