Kigogo cha Kamio Yetu

Najua kuruka kutoka kwenye kamio inayotembea, mtoto mgongoni na kigogo mkononi. Masista hawakunifundisha hilo. Masista walinifundisha Kifaransa, jiometri na kushona mashuka. Nikamaliza miaka minne ya sekondari, nikaolewa na shofa, yaani dereva, na shofa ndiye aliyenifundisha kuruka.

Kamio yenyewe, lori la mizigo, tuliipata kwa sababu ya uhuru. Mume wangu alikuwa anaendesha magari ya Mzungu mmoja mwenye garaji hapa Uvira. Uhuru ulipofika, Mzungu akaanza kuuza kila kitu, hata vitasa vya milango. Alikuwa na kamio mbili za aina moja, zilizoshuka pamoja kutoka melini, akaziuza kwa shofa wake wawili. Moja akachukua mume wangu. Nyingine akachukua mwenzake, mtu wa Lubarika, mnene, wa kucheka hata msibani.

Siku kamio ilipofika nyumbani mama mkwe alilia kwa furaha, na mimi nililia. Sitaki kudanganya. Nilikuwa na mimba ya kwanza, nikajiona mke wa tajiri.

Wiki ya pili freni, yaani breki, zikagoma. Zingekuwa zinagoma kila mara, tungeiweka kamio uani ikawa banda la kuku, na leo ningekuwa na mume. Lakini unakanyaga leo, inashika. Kesho, inashika. Keshokutwa pedali inazama mpaka chini kama mguu kwenye tope la mpunga, unakanyaga tena na tena, hakuna kitu. Mume wangu alibadilisha mafuta ya freni, akabadilisha mipira. Mwishoni akaona: ile silinda inayosukuma mafuta ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Ufa wa kutoka kiwandani. Akampelekea Mzungu.

"Hiyo najua," Mzungu akasema, bila aibu. "Zote mbili iko hivyo. Nimeandika Ulaya. Zingine zitakuja na meli."

"Bwana, ulijua na ukatuuzia?"

"Wewe ni shofa. Shofa mzuri anaenda polepole."

Meli zilikuja. Zilileta chumvi, zilileta saruji, zilileta vitambaa. Silinda haikuja. Mzungu mwenyewe akavuka mpaka kwenda Usumbura, mbwa wake wawili wamekaa kiti cha mbele.

Basi tukabaki na kigogo. Kamio nyingi zilizoshuka mteremko wa Kalundu zilikuwa nacho: kipande cha mti mgumu, kizito kama mtoto wa mwaka mmoja, kimechongwa upande mmoja. Kamio ikikataa kusimama, mtu anaruka, anakiweka mbele ya gurudumu. Ni kazi ya kuajiriwa. Yule wetu aliifanya siku nne, akakiweka kigogo mlangoni petu. "Minye niko na bibi na watoto," akasema. "Siwezi kufa juu ya mupunga ya watu." Mwingine hakupatikana. Mimi nilikuwa nimezaa miezi mitatu tu. Nikakiokota.

Mume wangu alinifundisha asubuhi, barabarani mbele ya nyumba, kamio ikiteleza taratibu. "Usitupe," alisema. "Ukitupa, gurudumu inakiruka. Kimbia nayo, tangulia kidogo, weka. Halafu toa mukono haraka, mama, nitakukatia vidole." Alikuwa mpole katika kufundisha. Nilikitupa mara nyingi kabla sijaweza kukiweka.

Safari zetu zilikuwa hivi. Tunakwenda Bwegera kuchukua mpunga, njia ya bonde ni tambarare, hakuna hofu. Tunarudi, tunapita mjini, tunafika juu ya mteremko. Hapo anasimamisha kamio. Ninashuka, ninafunga mtoto upya kwa fundo mbili, ninasimama kwenye ubao wa pembeni, mkono mmoja mlangoni, mwingine umekumbatia kigogo. Tunashuka hadi bandarini. Wanawake waliokuwa wanaanika ndagala, samaki wadogo wa ziwa, huko chini walinizoea.

"Eh, Mama Kigogo! Bwana alikuoa, ao alikununua ukuwe freni yake?"

"Heri minye freni," nikawajibu. "Weye ni honi. Kelele tu, gari haisimame."

Walicheka mpaka wakashika viuno. Hata mimi. Lakini mara tano pedali ilizama kweli, na mara tano niliruka na kuweka, na kila mara mtoto hakulia hata kidogo. Alishikilia mgongo wangu kimya. Mtoto wa kunyonya alijua. Serikali ndiyo haikujua.

Tukasema basi, tuijulishe. Mume wangu na yule wa Lubarika walitaka kwenda kusema kwa mdomo, mimi nikasema hapana, karatasi. Niliandika kwa Kifaransa changu cha masista: kamio mbili, kosa moja, ufa ule ule, tunaomba zitengenezwe ao zikatazwe barabarani kabla hazijaua watu. Mume wangu aliweka sahihi. Yule wa Lubarika akatia kidole kwenye wino.

Karani wa biro, ofisi ya serikali, alikuwa kijana wa shati jeupe, amekalia kiti cha Mbelgiji wiki chache tu. Alisoma akisogeza midomo.

"Hii ya Lubarika," akauliza, "imekwisha kuumiza watu?"

"Iliingia mu mashamba Bwegera," yule wa Lubarika akajibu. "Ikasimama katikati ya mupunga. Mupunga ni freni muzuri sana, chef. Shida ni ile bibi mwenye shamba. Yeye hana freni hata kidogo."

Karani alicheka, akapiga kashe, mhuri wa serikali. Nakala moja akaweka kwenye rundo, nyingine akatupatia sisi. "Lalamiko litapanda Bukavu," akasema. Tukatoka.

Hapo ndipo mume wangu alipokosea, na sitamlaumu peke yake. Yeye alikua zamani za Wabelgiji. Bila karatasi yenye kashe hukusafiri, hukulala mji wa wenyewe, hukunywa hata pombe. Ukiwa nayo, askari alikupisha pembeni. Basi ile nakala ya lalamiko aliibandika kwenye kioo cha mbele, kashe ikitazama nje, na kuanzia siku ile alianza kuendesha kama mtu aliyetengenezewa gari. Kwenye miteremko midogo hakunishusha tena.

"Kashe haisimamishe gari," nilimwambia.

"Weye ulisoma sana, lakini haujue nguvu ya karatasi. Serikali inajua sasa. Kitu chenye serikali inajua hakiwezi kukuua hivi hivi."

Mimi nilirudi biro mara tatu, mtoto mgongoni. "Mama, lalamiko yenu iko njiani," karani alisema kila mara. Mara ya tatu nikamuuliza iko njiani kwa kamio gani, na kama kamio hiyo ina freni. Akaniambia nitoke.

Halafu waasi waliopigana na serikali wakauchukua mji. Nilikwenda biro tena, kwa sababu mimi ni mkaidi, na kwa sababu hao walisema wamekuja kwa ajili ya watu wadogo. Kwenye meza ile ile alikuwa karani yule yule, bila shati jeupe, majani ya waasi yamefungwa kichwani. Aliniona, akatazama pembeni.

"Mama, hayo ni makosa ya serikali ya zamani."

"Karani naye ni wa serikali ya zamani."

Rundo la karatasi halikuwepo. Nadhani waliwashia moto wa chai.

Siku tatu baadaye walitaka kamio. Ilikuwa asubuhi, tumefika juu ya mteremko na mpunga wa watu, nimeshuka kumfunga mtoto, wakatoka kando ya njia. Vijana kama ishirini na mkubwa wao. Walikuwa wamenyunyiziwa maji ya dawa, maji yanayozuia risasi, na dawa ilikuwa na masharti yake. Usimguse mwanamke. Usitazame nyuma. Ukivunja, unakufa. Walitaka kushuka bandarini na mpunga ule kupakia boti.

Mkubwa wao aliona kioo cha pembeni, kile cha kutazamia nyuma. Akakishika kwa mikono miwili, akakipinda mpaka kikang'oka. Vijana wakapanda juu ya magunia. Mimi nikasogea kwenye ubao wangu.

"Weye, mama! Kaa mbali! Mwanamke hapande!"

"Hii kamio haina freni," nilisema. "Freni ni minye."

Walicheka, lakini siyo kama wale wa ndagala.

"Maji yetu inashinda risasi," mkubwa akasema. "Inaweza kushindwa na gari?" Akachovya majani kwenye kopo, akanyunyizia boneti, magurudumu, na kile kioo cha mbele chenye karatasi yetu. Wino wa kashe ukaanza kuteremka.

Nikamwomba basi kijana mmoja achukue kigogo. Nilikiweka chini katikati ya njia, nikarudi nyuma hatua kumi ili nisimguse mtu. "Achukue tu," nilisema. "Nitamwonyesha kwa mdomo. Usitupe, weka." Kijana mmoja aliinama kweli. Mkubwa akampiga teke la mkono. "Mwanamke alikishika! Unataka kutuua?"

Mume wangu aliniangalia kutoka dirishani. Alisema, "Bakia na mutoto. Nitashuka polepole-polepole. Iko sawa." Nilimjua. Aliposema iko sawa mara moja, ilikuwa sawa. Akarudia: "Iko sawa."

Kamio ikaondoka. Nilikiokota kigogo nikakimbia nyuma yake. Nilisikia injini ikipandisha sauti, nikajua amerudisha gia, nikajua kwa nini. Nilipiga kelele rukeni, rukeni. Vijana ishirini juu ya magunia, migongo ishirini, na hakuna hata mmoja aliyegeuza kichwa. Walikuwa watiifu. Kamio ilipita kona, ikapita kwenye ndagala zilizoanikwa, wanawake wakitawanyika, ikaingia ziwani na honi inalia.

Mume wangu tulimtoa jioni. Vijana wengine waliogelea, wengine hapana. Sitaandika zaidi ya hapo.

Jeshi la serikali lilirudi, waasi wakakimbilia milimani. Karani naye akarudi kwenye shati lake jeupe. Na mwaka uliofuata, nikiwa sokoni nauza mihogo, nikaiona. Wameipaka rangi ya kijani, lakini pale pembeni kulikuwa na matundu mawili ya kioo kilichong'olewa. Juu ya magunia wamekaa wanawake wa Bwegera na watoto wao. Waliitoa majini, wakaikausha, ikatembea.

Nilikwenda biro. Nilikwenda mbio, na mikono ya unga wa mihogo.

"Lalamiko ya gari inaletwa na mwenye gari," karani akasema. "Mwenye gari alikuwa bwana yako, Mungu amurehemu. Sasa mwenye gari ni mwingine. Yeye hajalalamika."

"Ni nani?"

Alikuwa yule wa Lubarika. Kamio yake ilichomwa wakati wa vita, akainunua yetu kwa askari kama chuma chakavu.

Alikuja mwenyewe kwangu Jumapili, baada ya misa. Aliiacha kamio barabarani, akaingia uani na bibi yake mpya, msichana mwembamba, mtoto mgongoni. Kwa mara ya kwanza hakucheka.

"Shemeji," akasema, "nasikia uko bado na kile kigogo."

Nilimwambia maneno ambayo masista hawakunifundisha. Nilimwambia, ulitia kidole pale. Kidole chako, kwenye wino, kwamba hii gari itaua watu.

"Nilitia," akasema. "Ikaleta nini? Nitakula nini, shemeji? Nimetafuta silinda Bukavu, nimetafuta Usumbura. Haiko. Mtu wangu wa kigogo amekimbia."

Kilikuwa nyuma ya mlango. Nilikwenda kukichukua, na Mungu ni shahidi wangu, nilikichukua ili nimpige nacho. Niliporudi, yule msichana alikuwa amesimama pale pale, macho kwenye kigogo. Alikuwa amekwisha kuelewa ni kazi ya nani. Kitenge chake kilikuwa kimelegea, kichwa cha mtoto kikining'inia upande.

Nikaweka kigogo chini. Nikamgeuza, nikafungua kile kitenge, nikamfunga mtoto upya, fundo mbili, nikavuta mpaka akaguna.

Tukatoka barabarani. Bwana yake akapanda, akaiachia kamio iteleze taratibu.

"Usitupe," nikamwambia. "Kimbia nayo, tangulia, weka. Halafu toa mkono."

Akatupa. Gurudumu likakiruka. Nikamwambia tuanze tena.