Kaburi Ambalo Sikulitaja

Kwetu watoto hawahesabiwi. Mwulize mama wa Kikamba wa rika la mama yangu ana wangapi, atakujibu, "Wako, Mungu anawajua," kisha akuulize kama mvua imenyesha kwenu. Kuhesabu ni kukiita kifo kije kipunguze. Mimi niliyesoma niliona huo ni upuuzi mtupu, na ujuaji wangu huo ndio unaonifanya niandike haya.

Karani alikuja kwetu Makueni mwaka niliomaliza sekondari, na fomu ya wale waliokuwa wakipanga mji mpya. Shamba letu lilikuwa ndani ya ramani yao. Alikaa kwenye kigoda, akamuuliza mama ni watu wangapi wanaishi hapo na makaburi ni mangapi, maana makaburi yote yangehamishwa kabla ya tingatinga kuingia.

"Waliopo wapo," mama akasema, akaendelea kupepeta ndengu.

Karani akanigeukia mimi. Nikajibu upesi: watu sita, makaburi mawili, la babu na la baba.

La tatu nililijua, jamani. Lilikuwa nyuma ya ghala, la dada yangu aliyeishi wiki tatu tu. Wanawake wawili wa jirani ndio waliomzika, wakaweka juu yake jiwe la kusagia lililovunjika. Mama hakumtaja, nami nikanyamaza. Nilikuwa na haraka. Nilitaka lami, nilitaka stima, nilitaka karani aende zake ili huo mji uje.

Siku ya kufukua, majeneza mawili yalipakiwa, mchungaji akaomba, lori likawashwa. Mama hakupanda.

"Na mtoto wangu?"

Msimamizi akapitisha kidole kwenye orodha. "Mama, hapa ni mawili."

"Aka! Mimi ndiye nilizaa. Hiyo karatasi haikuzaa."

Msimamizi akaniambia niende ofisini nijaze fomu nyingine. Nilienda mara tatu nikirudishwa. Mara ya nne nikapata muhuri, nikakimbia nyumbani nao, nikakuta ghala halipo, jiwe halipo, udongo mwekundu umesawazishwa kote. Mchungaji alimwambia mama maji yakimwagika hayazoleki. Nilitamani kumfukuza na Biblia yake. Mama alisema asante, akaenda kuwasha moto.

Tulihamia upande wa Mbumbuni. Hakunilaumu hata siku moja, na hilo limenitafuna kuliko matusi.

Miaka ya kwanza mji ulikuwa bikoni za viwanja na vumbi, watu wakaucheka, wakauita mji wa mbuzi. Kisha wakaja. Lo, walikuja! Walitoka Kitui, Mwingi, Garissa, Nairobi, na godoro juu ya pikapu. Fleti zikapanda juu ya fleti, shule ikajaa hadi watoto wakasoma kwa zamu, na kila nilipopita, nguo za watoto wachanga zilikuwa zimeongezeka kwenye kamba za roshani. Nilihuzunika nikiziona. Ndio mji nilioutaka.

Mama aliniomba nimpeleke. Tulizunguka asubuhi nzima, yeye akinusa hewa na kutazama vilima apate kujua upande. Hakuna kitu tulichotambua. Mwisho nikabahatisha, nikamwonyesha mahali pa kuegesha magari, nikasema ghala lilikuwa hapa.

"Usinidanganye, mwanangu," akasema kwa upole. Niliugeukia ukuta wa duka nikalia mchana kweupe, watu wakipita.

Juzi msichana wa kuandikisha watu alifika kwetu na kishikwambi chake. Alikuwa na heshima, akamwita mama susu, kama wajukuu wake wanavyomwita.

"Susu, una watoto wangapi?"

Nikafungua mdomo nimsaidie. Mama akaniinulia mkono ninyamaze. Halafu yeye, ambaye hakuwahi kuhesabu hata kuku wake, akaanza kukunja vidole, kimoja kimoja, taratibu. Vya mkono mmoja vikaisha. Akakunja kimoja cha mkono wa pili.

"Andika sita."

"Wanaishi wapi, susu?"

"Watano huyu atakuambia. Wa sita yuko kule mji mpya. Alikuwa huko kabla ya hao wote."

Msichana akaandika, akauliza huyo wa mjini ana umri gani.

"Wiki tatu," mama akasema.